Radiatere Kati ya Samaki wa Chumvi

Mimi ni mtu wa lupango, yaani wa ndani ya ua wangu. Nikivuka geti, miguu yangu inaniuliza: tunakwenda wapi, na nani alituita? Wenzangu wa shule wamefika Kolwezi, wamefika Kasumbalesa, wengine wamefika Ulaya na kurudi wanene. Safari yangu mimi inatoka kitandani mpaka kwenye banda la kuku, na katikati napumzika. Mke wangu, anayeuza samaki wa chumvi sokoni na anayetembea nusu ya mji kabla mimi sijamaliza chai, huwaambia wageni: "Huyu mumuangalie muzuri. Yeye njo ukuta ya tano ya hii nyumba." Wageni wanacheka. Na mimi nacheka, maana ukuta haugombani na mtu.

Nafuga kuku wa mayai. Kuku nao hawapendi safari, ndiyo maana tunasikilizana.

Kwa hiyo mambo makubwa ya maisha yangu sikuyafuata, yalinikuta nyumbani. Radiatere ya gari ya papa, baba yetu, nayo ilinikuta vilevile, asubuhi moja ya mwezi wa saba, wakati mtaa wetu wote wa Bel-Air umevaa sweta na vumbi jekundu limelala juu ya majani ya mipapai. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alishuka kwenye pikipiki akiwa ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Alikuwa ametoka Likasi na basi la kwanza. Hakuniamkia. Aliingia moja kwa moja salo, yaani sebuleni, akaiweka juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe ambacho mke wangu alikifuma mwenyewe, na maji ya kutu yakaanza kutoka polepole.

"Iko nini, yaya?"

"Hauone? Iko radiatere."

"Radiatere naiona. Nauliza iko zawadi ao iko kilio?"

"Iko kilio," akasema, akaketi. "Lakini kilio ya mugonjwa, haiko ya maiti. Leta chai."

Kwa ambaye hajawahi kuihitaji, radiatere ni lile sanduku jembamba linalokaa mbele ya injini na kupoza maji ya gari. Juu kuna tanki, chini kuna tanki, katikati mirija midogo imesimama mingi, na kati ya mirija kuna mabati membamba kama kurasa za misale. Hii ilikuwa ya zamani, ya shaba tupu. Tumboni mwake kulikuwa na tundu la kuingiza ngumi, na kuzunguka tundu mabati yamelala kama majani mahali mbuzi alipolala.

Kaka yangu alieleza huku akipuliza chai. Gari ya papa, ambayo yeye ndiye aliyeirithi kwa kuwa ndiye anayejua kuendesha, ilikuwa imesimama kwa amani karibu na soko la Likasi. Kamio moja, lori la kubeba mawe ya madini, ikarudi nyuma bila kuangalia, ikaisukuma usoni. Radiatere ikaingia kwenye feni, feni ikaikata. Ametafuta nyingine ya namna ile, hakuna tena. Zile mpya za plastiki na aluminiumu hazikai mahali pake. Na mafundi wa Likasi wanaojua shaba wamekufa au wamegeuka wachungaji.

"Sasa sikiliza," akasema. "Bantu ya mitraye baliisha kuja kuangalia ile gari."

Mitraye ni vyuma chakavu. Watu wake ni wale wanaopita na mkokoteni na msumeno, na macho yao yakiangalia gari la mtu hayaoni gari, yanaona vipande.

"Banaigonga-gonga sawa dokta anagonga kifua," kaka yangu akaendelea. "Na mutoto yangu mwanamuke anataka kujenga nyumba ya duka pale gari inakaa. Nilimwambia: ngoja mpaka ile mvua inakuja iishe. Ukitengenezesha hii radiatere, nakuja kuvuta gari na kamba, tunaiweka, inatembea, naipatia fasi ingine. Ukishindwa, mvua ikiisha, banaikata."

"Na ju ya nini miye?"

"Ju weye uko muntu ya nyumba. Kintu ukiachia muntu ya kutembea, kinapotea."

Hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote ambayo kaka yangu aliwahi kuniambia, na hata sasa sijui kama alikuwa ananisifu.

Gari yenyewe ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo. Papa, mtu wa reli tangu ujana, aliinunua ikiwa imekwisha kuzeeka, sisi tukikaa bado kwenye kampi ya wafanyakazi wa treni. Siku za kazi ililala chini ya turubai. Siku ya Mungu, baada ya misa, papa aliifunua, akachukua kitambaa, akafungua kifuniko cha radiatere taratibu, akiwa ameinamisha kichwa, kama padri mbele ya tabernakulo. Sisi watoto tulisimama nyuma yake kimya. Alitazama maji. Akiridhika alisema, "Bon," na hapo ndipo tuliruhusiwa kupumua na kugombania madirisha.

Siku moja tulikwenda arusi ya shangazi, huko huko Likasi. Katikati ya barabara mvuke ukatoka mbele kama chungu cha maharagwe, papa akasimamisha. Radiatere ilikuwa inavuja kwa chini. Alizunguka gari, alijikuna, kisha akafungua nyuma na kuvuta gunia la unga wa mahindi tuliokuwa tunapeleka arusini.

"Unafanya nini?" mama akauliza kutoka ndani.

"Nafunga tundu."

"Baba ya batoto, ile bunga iko ya bibi arusi!"

"Bibi arusi atakula. Acha gari nayo ikule."

Akasubiri ipoe kidogo, akamimina unga ndani na maji, akafunga. Wengine wenye magari duniani sijui wanafanya nini, lakini papa alikuwa mtu wa Katanga: kwake hakuna tatizo ambalo bukari, ugali wetu, haiwezi kulijaza. Na kweli, moto wa injini ulipika ule unga, ukashika, tundu likaziba. Tukafika arusini tukinukia jikoni. Wajomba walizunguka gari wakinusa na kuuliza kama tumeisha kula. Papa alisimulia ushindi huo mpaka tulipojua kila pumzi yake, na kila aliposimulia, mama aliongeza: "Lakini bunga haikurudi."

Basi hiyo ndiyo radiatere iliyokuwa inalowesha kitambaa cha mke wangu.

Fundi nilimjua. Karakana yake iko upande wa Naviundu, kando ya mto, na sekondari tulikaa benchi moja. Ametoka katika zile familia za Waislamu wa Maniema ambao babu zao walikuja na kazi ya bati na shaba mkononi: birika, sinia, taa. Yeye hakupenda birika, alipenda magari. Mimi na yeye tulipata diploma siku moja. Yake sijui iko wapi. Yangu iko kwenye fremu, inaficha ufa wa ukuta wa salo, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza na ya mwisho. Tangu shuleni yeye ananiita Katoliki, mimi namwita Alhaji, ingawa njia ya mbali aliyowahi kwenda ni ya Kasapa, kumpeleka binti yake chuoni.

Niliipeleka kwa mkokoteni wa kukodi. Jirani zangu walitoka kwenye milango.

"Eh! Ukuta inatembea leo!"

"Baba, unahama? Mama anakufukuza?"

Nikawaambia nampeleka mgonjwa. Mmoja akauliza kama mgonjwa ni yule aliye kwenye mkokoteni au anayesukuma.

Alhaji aliipokea bila salamu, akaigeuza, akaipiga kwa ukucha, akaisikiliza. Si mtu wa kunyenyekea. "Una bahati," akasema. "Kama haungekuja kwangu, ungeenda kwa mujinga." Akaziba midomo ya radiatere kwa mpira wa tairi, akaacha mmoja wa kupulizia, akaizamisha kwenye nusu pipa la maji na kupiga pampu ya baiskeli. Mapovu yakatoka kwenye lile tundu kwa fujo, kisha mahali pengine palipokuwa pazima kwa macho, kamoja kamoja, kwa zamu.

"Sikia, sikia. Inasali rozari. Iko radiatere ya bakatoliki kabisa."

"Na weye uliisha kuitia mu maji, Alhaji. Unaibatiza. Utajibu nini kwenu?"

Alicheka mpaka pampu ikamtoka mkononi. Kisha akawasha moto wa gesi, akayeyusha lehemu ya tanki la juu, akalifungua kama anafungua kopo. Akachungulia. Akaingiza kisu chembamba na kutoa kipande cha kitu cha rangi ya mfupa, kigumu, chenye michirizi ya kutu.

"Katoliki. Papa yako alikuwa mekanisie ao mupishi?"

Nilikitambua kabla hajamaliza kuuliza. Bukari ya bibi arusi. Imekaa humo miaka yote hiyo, imetembea kwenda ubatizo wa wapwa, kwenye misiba, kwenye mitihani yangu ya mwisho wa shule, papa akiendesha mbele yake na hajui kama bado iko. Nilitaka kucheka na nikacheka. Alhaji akakiweka kile kipande kwenye kiganja changu na kuuliza kama nataka na mboga ya sombe. Nikakitupa, maana mtu huwezi kurithi kila kitu.

Siku hiyo nilikaa pale mpaka jua likageuka, jambo ambalo mke wangu alilisimulia sokoni kama habari. Nilimwangalia Alhaji akizibua mirija kwa ufito bapa wa chuma, mmoja baada ya mwingine, akinyoosha mabati kwa ncha ya kisu kama mama anayechana nywele za mtoto anayelia. Mirija iliyokatwa kabisa aliifunga juu na chini. "Hii imekufa, tunaizika," alisema. "Iliyobaki itafanya kazi ya bale balikufa. Itavumilia." Akasugua kwa asidi, akalehemu, akarudisha tanki, akazamisha tena. Maji ya pipa yakatulia. Tukayaangalia wote wawili, na mimi nikajikuta nasema, "Bon."

Kabla sijaondoka alinipa maagizo ya kuitunza. Niioshe kwa maji ya moto na majivu ili asidi itoke. Niikaushe juani. Niizibe midomo kwa kitambaa, nyigu wasijenge. Niisimamishe, nisiilaze, wala isigusane na sakafu. Yeye mpaka leo anaapa kwamba alisema neno lingine tena. Mimi mpaka leo naapa hakulisema. Hilo neno ni chumvi.

Maana mimi, mtu wa nyumba, niliyeaminiwa kwa sababu ya kukaa kwangu, nilichagua mahali pakavu, pa giza, penye kufuli: depo ya mke wangu, ghala lake la samaki. Niliisimamisha juu ya ubao kati ya magunia mawili ya makayabo, samaki wale wa chumvi wanaolala wamekunjwa kama mashati. Nikaipigapiga begani. Nikafunga mlango nikijisikia fundi.

Mvua zikaanza. Baada ya muda nikaenda kuisalimu, nikaikuta imechanua. Pembeni mwa tanki, kwenye mishono ya lehemu, katikati ya mabati: kijani. Kijani kizuri, laini, kama ukungu wa mto.

Hapa lazima msomaji ajue nimelelewa wapi. Sisi tulikua kando ya reli ambako treni za madini zilidondosha mawe. Tukiwa watoto tuliokota yale ya kijani, tukayafua mdomoni kwa mate mpaka yang'ae, na papa alitufundisha kwamba kijani ndiyo namna ardhi inavyosema, niko na shaba. Mtoto wa huku akiona jiwe la kijani anafurahi bila kuuliza. Ni kama mtoto wa pengine akiona mvua. Mimi nilipoona kijani kwenye radiatere ya papa, nilisema moyoni: ona shaba ya kweli, hata baada ya moto na asidi bado iko hai. Nilipiga picha kwa simu nikamtumia kaka yangu. Yeye naye ni mtoto wa reli ileile. Akajibu: "Muzuri sana! Iache vile."

Nikaiacha vile. Tena nikawa nawaonyesha wageni. Nilifungua depo, nikasimama kando na mkono mfukoni. "Shaba ya zamani," nilisema. "Siku hizi hawatengenezi hivi." Wageni walitikisa vichwa, wakiziba pua.

Aliyeniamsha ni mke wangu. Alikuja kwenye banda la kuku na kipande cha makayabo mkononi, kimeshikwa kwa vidole viwili.

"Baba ya batoto, kuyeni hapa. Hii samaki alikula nini?"

Ubavuni samaki alikuwa na alama ya kijani.

"Aliegamia radiatere," nikasema. "Iko shaba tu. Shaba nzuri."

"Na ile radiatere inatoka jasho. Uliiona? Inalia maji."

"Ni ubaridi ya mvua."

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa huruma ileile anayowatazamia wateja wasiojua samaki. "Miye niko na chumvi tangu niko binti. Chumvi ilikula kisu yangu. Ilikula bawaba ya mulango. Ilikula mizani. Weye unafikiri itaheshimu papa yako?"

Nilikimbia. Naandika neno hilo nikijua watakaoshuhudia: nilikimbia. Nilisugua kijani kwa kidole, na chini yake shaba haikuwa laini tena, ilikuwa na vitobo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ubati mmoja ulikatika kwenye kidole changu kama jani kavu. Mkokoteni. Naviundu. Majirani hawakupata hata nafasi ya kunitania.

Alhaji aliizamisha kwenye pipa. Mapovu yakatoka mahali papya kabisa.

"Uliiweka wapi?"

"Mu depo."

"Depo ya nini?"

"Ya... bintu."

"Bintu gani, Katoliki?"

Nikaangalia mto. "Ya mama."

Yeye anamjua mke wangu, amenunua kwake Ramadhani nyingi. Uso wake ulifunguka polepole, na nilijua kwamba sitapona katika maisha haya. "Makayabo! Wee! Shaba na makayabo chumba moja! Ungeweka na ndimu basi, tukule!" Alikwenda nje kuwaambia wa duka la jirani. Nikasikia wanacheka kwa zamu. Aliporudi nikamwambia hakuniambia habari ya chumvi. Akasema aliniambia. Nikasema hakuniambia. Akasema mtu mwenye diploma hahitaji kuambiwa. Nikasema diploma anayo na yeye. Tukagombana kama zamani kwenye benchi, mpaka akaichukua tena radiatere, akaielekeza kwenye mwanga, na akaacha kucheka.

"Sikiliza ndugu," akasema, na aliposema ndugu badala ya Katoliki nikaogopa. "Ilikulwa sana. Nitafunga tena, lakini nafunga juu ya ngozi ya kitunguu. Moto ikizidi kidogo, inafunguka yote. Mara hii naweza. Mara ingine hapatakuwa shaba ya kushika, patakuwa rangi tu."

"Itafika Likasi?"

"Hapa mu pipa itafika. Likasi, siyue."

Alifanya kazi bila utani, kwa moto mdogo, akiugusa na kuuondoa. Mimi nilisimama na kufikiri kwamba papa aliwahi kuitilia unga, na ikaishi. Kamio la mawe likaipiga, ikaishi. Mimi niliitunza, na hapo ndipo ilipotaka kufa.

Mara ya pili ililala chumbani kwetu. Hakukuwa na mahali pengine: salo kuna wageni, jiko kuna moshi, na depo kuna wale wanaotulisha. Niliiosha mpaka maji yakatoka matamu, nikaikausha, nikaiziba midomo, nikaifunika kwa shuka kuukuu na juu yake kitenge cha mke wangu, nikaisimamisha juu ya ubao kati ya kabati na upande wangu wa kitanda.

"Ulinioa," mke wangu akasema akiwa mlangoni, "lakini ata siku moja haukunifunika vile."

Mvua zote za msimu ule nilizimaliza na mgeni huyo. Niligonga kidole cha mguu kwake mara zisizo na idadi. Asubuhi nilifunua kitenge, nikaangalia mishono, nikafunika. Mkono wangu ulibaki na harufu ya shaba, na harufu hiyo ilikuwa ya papa akirudi kazini, akimega mkate kwa vidole ambavyo sabuni haikuvishinda, akitupa kila mmoja kipande. Tulikuwa tunakula mkate wenye ladha ya chuma kidogo na hatukujua kwamba mkate wa watu wengine hauna. Baada ya kufunika kitenge sikunawa haraka. Kuku walipata mahindi yao yenye harufu hiyo, hawakulalamika.

Mvua ilipokwisha, kaka yangu alitimiza neno. Alifika na gari ya papa ikivutwa kwa kamba na kamio ya rafiki yake. Mbele ilikuwa wazi, kama mzee aliyevua meno. Rangi ya maziwa bado ilikuwapo mahali mahali. Kaka yangu hakuzunguka na maneno.

"Bale ba mitraye banakuja kesho kutwa kwangu. Niliisha kubaambia: nikirudi na gari inatembea, barudi kwabo. Nikirudi na kamba, baingie."

Alhaji alikuja mwenyewe, na kofia mpya, maana alitaka kuonekana kazi yake inapoanza kupumua. Walifunga radiatere pale lupango, mbele ya banda, mimi nikipewa kazi ya kushika bisibisi ambayo hawakuihitaji. Wakaweka maji yaliyochemshwa. Kaka yangu akaingia, akazungusha ufunguo. Gari ilikohoa, ikatema moshi, ikakataa, ikakubali. Kuku wote walinyamaza. Tulitandika gazeti chini yake na kulikodolea macho. Injini ikapata moto. Gazeti likabaki kavu.

"Bon!" kaka yangu akapiga kelele kutoka ndani. "Ingia tuzunguke!"

"Nani ataangalia kuku?"

Walicheka wote, hata yule mwenye kamio ambaye alikuwa hajanijua nusu siku. Nikaingia. Na hapo nikagundua kwamba sikuwahi kukaa mbele katika gari ile. Mbele kulikuwa kwa mama. Nilishika magoti yangu kama mgeni. Tulipita barabara za Bel-Air polepole, majirani wakishangilia, tukafika Naviundu na kugeuka. Kaka yangu kila kabla ya kubadilisha gia alisafisha koo, hm, kama papa. Sikumwambia. Nafikiri angeacha.

Tuliporudi alizima, akagusa mishono, akasema anaondoka mchana uleule. "Kuya twende pamoja. Utalala, utarudi kesho."

Nikasema kuku. Nikasema mgongo. Nikasema mke wangu hajarudi sokoni. Ukweli ni kwamba, kama ile ngozi ya kitunguu ingefunguka kule barabarani, sikutaka kuwa pale kuona chumvi ya depo yangu ikimaliza gari ya papa. Kaka yangu alinitazama, akapandisha kioo. "Muntu ya nyumba," akasema tu, akaondoka. Ile kamba aliiacha nyuma ya kamio ya rafiki yake, aliyemfuata kwa mbali.

Sijawahi kukaa nyumbani vibaya kama siku ile. Nilifagia banda lililofagiliwa. Nilikaa, nikasimama. Mke wangu alirudi, akanikuta geti, upande wa nje, jambo ambalo lilimfanya aulize nani amekufa. Simu ikalia.

"Imesimama," kaka yangu akasema.

Kifua changu kilifanya ile kelele ya tanki likifunguliwa. "Yaya! Fasi gani? Inavuja?"

"Miye njo nimesimama. Nanunua makala ya kupikia hapa barabarani, iko bei muzuri. Mama ya batoto anataka gunia?"

Nilimtukana tusi ambalo mdogo hamtukani mkubwa. Alicheka, akasema sindano ya joto iko chini, akakata.

Jioni ilipokaribia, nikiwa bado pale pale, ikalia tena. Nikaita, yaya, yaya. Kisha nikasikia: injini. Alikuwa amesimama kwake Likasi, kifuniko cha injini kikiwa wazi, ameielekeza simu mle ndani. Ilikuwa sauti ya gari kuukuu, yenye mgongo mbaya, lakini ilikuwa imetulia, haikukimbia wala kukwama, na nyuma yake watoto wa watu walikuwa wanapiga makofi. Mke wangu akasogea, akaweka sikio lake karibu na langu.

"Inasema nini?" akauliza.

Nikamwonyesha kidole, anyamaze. Tukasikiliza. Kaka yangu naye aliiacha simu pale pale, ingawa pesa ya simu ilikuwa yake, na yeye si mtu wa kumwaga pesa. Alipokuja kwenye simu sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mutoto wangu anasema atajengea ile duka fasi ingine," akasema. "Kesho kutwa bale bantu bakikuja, nitabapelekea chai, banywe, barudi na musumeno yabo."

"Uizime basi, yaya. Ipoe."

"Ngoja," akasema. "Kidogo tu."

Akairudisha simu kwenye injini.